Tarehe Niliyoirudisha Nyuma

Marlow Falls
Jumapili, 21 Januari 1979

Kwako Kaka René,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ukungu wa huko Alaska utairuhusu ndege ya posta kutua walau mara moja mwezi huu. Nyumbani nimewaacha wote wazima. Baba analalamikia mgongo lakini hataki kumwona daktari, eti daktari mpya hajui Kifaransa na yeye hawezi kuumwa kwa Kiingereza. Bibi amemaliza blanketi la viraka. Anasema ni la harusi yako, kwa hiyo fanya haraka, macho yake hayatakusubiri.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Wamenichukua! Jana mchana wanachama wa Nyumba yako ya zamani, wale wa Chama cha wanafunzi, walikuja bwenini, wakagonga mlango kwa ngumi, na Prentiss Lathrop, rais wa tawi mwaka huu, akanibandika kifuani beji ya mwanagenzi, mwanachama wa majaribio. Akasema, "Mdogo wake René Cyr! Mbona hufanani naye? Kaka yako ulikuwa unamsikia kabla hujamwona." Wakacheka wote. Nami nikacheka, kisha nikashindwa kuacha kutabasamu mpaka mashavu yakauma. Unanijua.

Najua wamenichukua kwa ajili yako. Sijali. Wamemchukua pia mwenzangu wa chumbani, Kaz Wojtowicz, wa Lackawanna. Baba yake anafanya kazi kwenye tanuri za chuma. Kaz inabidi ainamishe kichwa kuingia mlangoni kwetu, na yuko hapa kwa ufadhili wa chuo. Ndiye mtu wa kwanza hapa aliyeniuliza swali kisha akasubiri nijibu. Kiingereza ninacho, watawa walihakikisha hilo kwa rula, lakini kikifika kooni kinakwama. Kwa maandishi sijambo. Kwa hiyo nitakuandikia kila kitu, na kwa Kifaransa, asisome mtu.

Mdogo wako,
Étienne

---

Cold Bay, Alaska
6 Februari 1979

Bwana mdogo,

Barua yako imekaa Anchorage siku tisa ikisubiri ukungu uondoke. Mimi mzima. Nimefuga ndevu, Mama asijue. Tunapima upepo, tunaandika upepo, tunakula samaki, tunapima tena upepo. Mwambie Bibi hapa mwanamke pekee ni mpishi, na ana umri wa Bibi.

Hongera! Nilipoisoma nilipiga kelele mpaka mwenzangu wa zamu akadhani kuna moto. Sasa nisikilize. Acha kujibanza ukutani kama ufagio. Mwanagenzi asiyesema huoshishwa vyombo muhula mzima, yaani huosha vyombo mpaka vidole vinakunjamana. Ukiambiwa imba, imba. Ukitumwa, kimbia. Ukitukanwa, cheka kuliko aliyekutukana. Wakija watu wa chuo kuuliza nani kafanya nini, wewe hujui, hukuwepo, ulikuwa umelala. Ya Nyumba yanabaki Nyumba. Hii kazi yangu nilipewa na mzee wa tawi letu aliyehitimu mwaka 1948. Alitazama beji yangu kabla hajatazama vyeti.

Na huyo Kaz wako, Mpolandi, mshikilie. Jumamosi ya Kengele inataka migongo mipana.

Kaka yako,
René

---

Marlow Falls
Jumatatu, 26 Februari 1979

Kaka René,

Salamu nyingi. Mama ameandika kwamba mto bado umeganda na kwamba paka wa Bibi amezaa kwenye sanduku la viatu vyako vya kanisani. Watatu weupe, mmoja wa kijivu. Viatu havifai tena.

Muhula unakwenda vizuri kuliko nilivyoota. Tawi limeshika nafasi ya pili kwa alama za masomo kati ya nyumba zote za vyama. Tulichangia damu chupa arobaini na moja, mimi nilizimia, na Kaz alinibeba begani hadi kwenye meza ya biskuti akiwaambia wauguzi, "Huyu mpeni mbili, katoa damu na heshima." Kwenye tamasha la baridi tulichonga kulungu wa theluji mwenye urefu wa ghorofa mbili. Kichwa kilianguka dakika kumi kabla majaji hawajafika. Tukasema ndivyo tulivyokusudia, tukapewa nafasi ya tatu.

Halafu, nikae vizuri nikwambie: mimi ndiye katibu. Aliyekuwepo ameacha chuo. Lathrop aliona mwandiko wangu, ule niliofundishwa na Sista Philomène, akasema mwanagenzi au si mwanagenzi, mkono huu tunautaka. Naandika kumbukumbu za mikutano kila Jumapili na kuzitia kwenye faili la pete za chuma, lile ambalo kurasa zake hutoka na kurudi. Aprili nitaandika taarifa ya tawi kwa ajili ya jarida la Chama, maendeleo na shughuli za muhula mzima, isomwe na wanachama wote nchini. Hatimaye nimepata kazi ya mtu asiyesema.

Jumamosi ndiyo siku ya Kengele. Unaijua kuliko mimi: wanagenzi tisa, tunaitoa kengele kwenye banda la mashua la chuo, tunaifunga kwenye sleji, kile kigari cha theluji kisicho na magurudumu, tunaivuta juu ya bwawa lililoganda hadi uani kwetu, na Jumatatu tunairudisha huku chuo kikijifanya hakikuona. Kaz atavuta mbele. Imenyesha mvua siku nne mfululizo.

Étienne

---

Marlow Falls
Jumapili, 11 Machi 1979

Kaka René,

Natumaini hujambo. Nyumbani hawajambo.

Kengele imezama. Kaz alitumbukia nayo. Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka, tumefika katikati. Sleji iliinama mbele, kamba ikamzunguka mkononi, akaenda nayo hadi kifuani. Tulimvuta. Kabla hajatoka, ukingo wa kengele ulimbana mguu kwenye barafu na mfupa wa muundi ukavunjika sehemu mbili. Niliusikia. Tulimlaza nchi kavu, mmoja akakimbilia simu. Tuliposikia king'ora cha gari la wagonjwa, Lathrop akasema, "Wote Nyumba. Sasa hivi." Tukaenda. Kaz aliniona nikienda. Alikuwa ameshika mkono wa koti langu. Ilibidi nimfungue vidole.

Siku ya pili yake Lathrop aliniita jikoni. Akaweka faili mezani, akafungua ukurasa wa mkutano wa tarehe 25 Februari. Akasema, "Andika upya ukurasa huu, neno kwa neno, na uongeze mstari mmoja: kwamba siku hiyo Wojtowicz aliondolewa kwenye wanagenzi kwa kukosa nidhamu." Nikasema, ilinichukua muda, lakini nikasema, "Lakini hakuondolewa." Akasema, "Aliyeanguka Jumamosi hakuwa mtu wetu. Alikuwa kijana mmoja aliyeiba kengele kwa mchezo wake mwenyewe. Tukikubali alikuwa wetu, chuo kinafunga Nyumba. Unataka kuwa wewe uliyeifunga? Nyumba ya kaka yako?"

Niliandika. Mwandiko ulitoka mzuri. Ukurasa wa zamani aliutia kwenye jiko la kuni.

Sasa chuo kinamshitaki Kaz kwa wizi wa kengele na kwa kuvunja amri ya kutokwenda barafuni. Yeye anasema alitumwa na tawi. Sisi tuna faili. Kikao ni tarehe 20 Aprili. Akipatikana na hatia anafukuzwa, na ufadhili unakwenda naye.

Jambo moja. Nilipokuwa nasitasita, Lathrop alifunua faili nyuma, hadi masika ya 1976, ulipokuwa katibu wewe. Akanionyesha ukurasa wenye karatasi nyeupe kuliko jirani zake. "Nilikuwa mwanagenzi mwaka huo. Kaka yako hakulialia." Mwandiko ni wako. Mstari wa mwisho unasema Norris Teague ameondolewa kwenye wanagenzi.

Kaka, Norris Teague ni nani?

Étienne

---

Cold Bay
12 Machi 1979

Katibu mheshimiwa!

Katibu! Barua yako ya tarehe 26 imefika, na nimewaambia watu wote kituoni, yaani watu sita. Nami nilikuwa katibu, kabla sijawa rais. Ni kazi nzuri, unajifunza nani anasema nini akidhani haandikwi. Viatu vyangu vya kanisani visameheni, nilikuwa sivipendi.

Vipi, mlivuka? Niandikie kila kitu. Sisi mwaka wetu tulifika uani tumelowa jasho, wakatumiminia supu ya mbaazi, na nikaimba wimbo wa Chama mpaka sauti ikapotea siku tatu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Naona wivu, bwana mdogo.

René

---

Cold Bay
30 Machi 1979

Étienne,

Barua yako ya tarehe 11 imefika leo. Mimi mzima. Baba ameagiza mbegu za viazi, Mama ameniambia. Basi, salamu zimekwisha.

Una akili wewe? Mambo kama hayo unayaandika kwenye karatasi na kuyatia kwenye posta? Kwa Kifaransa! Unadhani posta hakuna anayekisoma? Ulichofanya umekifanya, kimekwisha, na sasa unataka kukifanya tena kwa kulialia. Nyamaza. Wewe si mtu wa kusema, hata kuagiza supu hotelini ulikuwa unanikanyaga mguu nikuagizie mimi. Kwa nini leo ndiyo utake kuanza?

Huyo Kaz ni mwenye nguvu, atarudi kwao, watu wa kwao wana kazi. Nyumba ina miaka sabini na miwili. Ina watu wanaoipenda ambao hujawaona.

Lakini nijibu moja, na unijibu kama mtoto wa Bondeni kwetu. Wengine wanane ni watoto wa mijini, hawajui kitu. Wewe umekua unavuka mto wa Saint John kwenda shule. Baba alikufundisha kuisoma barafu kabla Sista hajakufundisha herufi. Ilikuwa na rangi gani?

René

---

Marlow Falls
Jumapili, 8 Aprili 1979

René,

Sisi wazima. Bibi ameanguka ngazini lakini hakuvunjika, na aliyemwokota ni yule daktari asiyejua Kifaransa, aliyekuwa anapita. Sasa anampenda. Hizo ndizo habari.

Huniambii ninyamaze. Nimenyamaza miaka kumi na minane, najua kunyamaza kuliko wewe unavyojua kuimba. Unaniambia ya supu! Nilikuwa na miaka saba. Wewe ndiye uliyekuwa unamgeukia mhudumu na kusema, "Huyu hana ulimi, mletee ya kuku," watu wakacheka, na mimi sikupenda supu ya kuku. Sikuipenda kamwe. Ndiyo mara ya kwanza naisema.

Na "atarudi kwao." Unasema kama mtu anayesukuma sahani. Nilikwenda kumwona hospitali. Nilikaa ukumbini nusu saa kabla sijaingia. Mama yake alikuwepo, mwanamke mfupi, ameupasua na kuushona upya kwa uzi mweusi mguu mmoja wa suruali ya kikao ya Kaz, ili mguu wenye plasta upite. Kaz akamwambia, "Mama, huyu ndiye Mfaransa niliyekwambia." Mama yake akasimama akanikumbatia. Akanipa keki ya jibini iliyofungwa kwenye kitambaa. Nikaila, René. Nilikaa pale nikaimaliza.

Kaz aliniuliza, "Kuna mtu ameingia kwenye faili lako akaandika kwamba niliondolewa kabla. Nani?" Nikasema sijui. Nilisema haraka, bila kukwama. Kumbe uongo unanitoka vizuri tu.

Na Lathrop amenitaka nimalize taarifa ya jarida. Nakunakilia, uone jinsi mdogo wako anavyoandika: "Muhula huu tawi letu limepiga hatua kubwa. Tumeshika nafasi ya pili kitaaluma, tumechangia chupa arobaini na moja za damu, na sanamu yetu ya theluji ilivutia watazamaji wengi. Tumewapokea wanagenzi wanane wenye moyo." Wanane. Niliandika tisa, Lathrop akasahihisha kwa wino mwekundu, kisha akanipiga begani. "Safi sana, Cyr. Una kipaji."

Ukurasa mzima hauna uongo hata mmoja isipokuwa tarakimu ile, na wote unanuka.

Hukunijibu. Nakuuliza mara ya pili. Norris Teague ni nani, na alifanywa nini?

Étienne

Swali lako la rangi nimeliona.

---

SIMU YA MAANDISHI
COLD BAY, 18 APRILI 1979
KWA É. CYR, MARLOW FALLS
USISEME NENO KIKAONI. SUBIRI BARUA YANGU. FIKIRIA MAMA. RENÉ

---

Marlow Falls
Jumapili, 22 Aprili 1979

René,

Barua uliyosema nisubiri haijafika. Labda ni ukungu. Labda hukuiandika.

Simu yako ilisomwa na kijana wa ofisi ya posta kwa sauti kubwa mbele ya foleni. "Fikiria Mama." Nilimfikiria. Nilimfikiria pia mama wa Kaz, na nikakasirika, maana wewe ulijua ukisema Mama nitarudi kwenye kiti changu. Umenifanyia hivyo tangu nizaliwe.

Kikao kilikuwa Ijumaa asubuhi. Mkuu wa Wanafunzi, Bwana Ostrander, na walimu wawili. Faili lilikuwa mezani. Lathrop alivaa tai ya Chama. Kaz aliingia kwa magongo, suruali yake imeshonwa vizuri sana. Wanagenzi saba wakasema, mmoja baada ya mwingine, kwamba siku ile walikuwa Nyumba wakila mchana. Maneno yaleyale, kama sala.

Ikafika zamu yangu. Bwana Ostrander akasema, "Bwana Cyr, huu ni mwandiko wako?" Nikasimama. Nilisimama pale, sijui ni muda gani, nasikia mabomba ya ukutani yakigonga. Mwalimu mmoja akatazama saa. Lathrop akasema kwa upole, "Bwana Mkuu, huyu ana tatizo la aibu, ni hali yake. Nadhani faili linatosha." Nikamtazama Kaz anisaidie. Hakunisaidia. Alitazama dirishani. Kwa nini anisaidie?

Kilichonifungua si ujasiri, usiniwekee ujasiri. Ni hasira. Ni ile "hali yake". Ni kama wewe ndiye uliyekuwa umekaa kwenye kiti cha Lathrop na tai ile, unaniagizia supu.

Nikasema, "Ukurasa ni wangu na ni wa uongo. Niliuandika tarehe nne Machi." Nikasema yote. Lathrop akasema, "Muongo huyu!" Mwanagenzi mmoja akaanza kulia, kisha akasema ni kweli, kisha wawili zaidi.

Halafu Bwana Ostrander akauliza swali lako. Sio kwa maneno yako, lakini ni lilelile. "Kuna yeyote kati yenu aliyejua barafu haifai?"

Ilikuwa ya kijivu, René. Kijivu cha maji ya kuoshea vyombo, na kwenye ukingo maji yalikuwa yameshapanda juu yake. Niliiona kutoka ngazi za banda la mashua. Baba asingempitisha juu yake hata mbwa. Nilikuwa wa nane kwenye mstari. Nilifungua mdomo. Nilikuwa nayo sentensi, ilikuwa fupi, maneno matatu. Lathrop akapuliza filimbi, wenzangu wakapiga kelele ya furaha, na mimi nikaona aibu. Aibu tu. Niliogopa wageuke wote wanitazame. Nikafunga mdomo, nikavuta kamba.

Nililisema hilo mbele ya Kaz. Hapo ndipo aliponigeukia.

Maamuzi ni haya. Kaz amefutiwa mashitaka, anabaki na ufadhili wake. Tawi limefungwa miaka miwili. Lathrop ana kikao chake wiki ijayo. Mimi nimesimamishwa hadi Januari, na nimesema ni haki. Taarifa ya jarida haitatoka. Niliichana mwenyewe, nikamwandikia mhariri mistari mitatu kumweleza kwa nini.

Kwenye korido nilimfuata Kaz. Nikamwambia samahani. Akasema, "Wiki sita nimelala nikihesabu nani aliandika. Niliwataja wote, mmoja mmoja. Wewe sikukutaja." Kisha akasema, "Hamisha vitu vyako kabla sijarudi chumbani." Akaenda, magongo yakipiga sakafu. Sikumfuata tena.

Nawe ujue hili kutoka kwangu. Walipokuwa wakipitia faili waliukuta ukurasa wa 1976, ule mweupe. Bwana Ostrander akauliza mwandiko ni wa nani. Sikukwama hata kidogo. Nikasema, "Wa kaka yangu." Atakuandikia.

Nakuuliza mara ya tatu, na ya mwisho. Kesho napanda basi kwenda nyumbani. Baba ana viazi vya kupanda na mgongo mbovu. Jibu utakalonipa nipe huko, na kama ni kunitukana tu, usiharibu stempu.

Étienne

---

Cold Bay
9 Mei 1979

Étienne,

Mimi mzima. Baba ameniandikia kwa mkono wake, jambo ambalo hajafanya tangu anizae. Mistari minne: mitatu ya viazi, mmoja ananiuliza umerudishwa nyumbani kwa kosa gani, maana wewe ukiulizwa unakwenda shambani. Nitamjibu nikipata la kusema.

Barua uliyoisubiri sikuiandika. Niliianza mara tano.

Nina hasira nawe. Nataka uijue ukubwa wake. Barua ya Ostrander imekuja kwa ndege moja na yako. Yule mzee wa 1948 naye ameandika. Ananiuliza kwa upole kama kuna kosa limetokea, na upole wake unanitisha kuliko matusi. Miaka minne, Étienne! Mimi nilifika pale mtoto wa mkulima wa viazi na lafudhi ya kuchekesha, wakanipa nyimbo, wakanipa kiti mezani, wakanifanya rais. Umevichoma vyote asubuhi moja. Wewe, uliyekuwa unajificha nyuma ya suruali yangu. Na unajua kinachoniuma zaidi? Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali ulipokosea ili nikushike hapo, na nimepata mahali pamoja tu, na hapo ulishajishika mwenyewe. Kijivu. Nilijua ni kijivu tangu siku uliyokataa kunijibu.

Ostrander nimemjibu. Ameuliza kama mwandiko ni wangu. Nimeandika ndiyo, na chini nimeeleza. Usinishukuru. Nisingefanya kama usingenisukuma, na sikupendi kwa kunisukuma.

Sasa huyo uliyemuuliza mara tatu.

Norris Teague alikuwa mwenzangu wa chumbani. Kitanda cha juu. Alitoka Ohio, alikuwa anapiga fidla vibaya. Aliungua mkono wa kulia kwenye mchezo mmoja wa wanagenzi ambao niliubuni mimi, na sitauandika. Chuo kikaanza kuuliza. Hakuna aliyenilazimisha, Lathrop amekudanganya kama amekwambia niliamriwa. Wazo lilikuwa langu. Nilichukua karatasi mpya, nikairudisha tarehe nyuma wiki mbili, nikamwondoa. Chuo kikamfukuza, eti aliungua kwa ulevi wake, na Norris alikuwa hanywi.

Siku anaondoka hakuweza kubeba sanduku kwa ule mkono. Nikambebea mimi hadi kituo cha basi. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Nilikuwa nimepanga maneno, mimi ambaye sijawahi kukosa maneno. Tukakaa kwenye benchi. Akanihadithia kuhusu dada yake. Basi likaja, nikampakilia sanduku.

Akasema, "Wewe peke yako ndiye uliyekuja, René. Asante." Akaninyooshea mkono wa kushoto, ule mzima.

Nikaupokea.

René